Historia ya Uhakiki wa Usalama wa Vielekezi katika Kiini cha Linux: Mtazamo kutoka Nambilanje

1.0 Utangulizi

Katika Kata ya Nambilanje, kwenye ukanda wa Nachingwea na Ruangwa mkoani Lindi, mkulima anayepeleka korosho kwenye chama cha msingi cha ushirika hukutana na ukaguzi kabla mzigo wake haujapokewa ghalani. Korosho hupimwa uzito, hutazamwa unyevu na ubora, kisha hupangiwa daraja. Mnunuzi katika mnada hafungui kila gunia. Hutegemea neno la aliyekagua mlangoni. Mfumo huu wa stakabadhi ghalani, uliotungiwa sheria mwaka 2005, umesimama juu ya wazo kwamba shaka ikimalizwa mlangoni, shughuli za ndani huenda kwa haraka na kwa imani.

Insha hii inachunguza historia ya wazo hilohilo katika kiini cha mfumo endeshi wa Linux. Mada hii haiko mbali na Nambilanje. Ingawa simu za vitochi hazihusiki, kila simu ya Android hutumia kiini cha Linux, na kuanzia Android 9 ya mwaka 2018, hesabu ya data inayotumiwa na kila programu ya simu ilianza kukusanywa na programu ndogo za eBPF zinazofanya kazi ndani ya kiini hicho. Kinachoamua kama programu ndogo ya namna hiyo iingie au ikataliwe ni kihakiki. Hoja kuu ya insha hii ni kwamba historia ya kihakiki si historia ya shaka kuondolewa, bali ya shaka kuhamishwa: kutoka kwenye kila tendo la kusoma kumbukumbu hadi mlangoni, na hatimaye hadi kwa mkaguzi mwenyewe.

2.0 Ukaguzi Kabla ya Vielekezi, 1992–2014

Mwaka 1992, Steven McCanne na Van Jacobson wa maabara ya Lawrence Berkeley nchini Marekani waliandika makala kuhusu kichujio cha pakiti za mtandao kilichoitwa BPF, wakaiwasilisha katika mkutano wa USENIX mwezi Januari 1993. Lengo lao lilikuwa kumruhusu mtumiaji apeleke ndani ya kiini programu fupi ya kuchagua pakiti anazozihitaji, badala ya kunakili pakiti zote na kuzitupa baadaye.

Usalama wa mfumo huo ulitokana na umaskini wake. Programu ilikuwa na rejista mbili tu na nafasi chache za kumbukumbu zenye namba maalumu. Haikuruhusiwa kuruka kurudi nyuma, hivyo ilikuwa lazima ifike mwisho. Haikuwa na vielekezi, yaani thamani zinazotaja anwani ya mahali fulani katika kumbukumbu. Programu iliyojaribu kusoma nje ya pakiti ilisimamishwa papo hapo, wakati wa kufanya kazi. Kwa hiyo ukaguzi wa mlangoni ulikuwa mwepesi, na shaka iliyobaki ilishughulikiwa kila mara pakiti iliposomwa.

3.0 Kihakiki na Aina za Vielekezi, 2014–2017

Mabadiliko makubwa yalitokana na kazi ya Alexei Starovoitov, iliyoingizwa katika Linux 3.18 mwezi Desemba 2014. Mfumo mpya, eBPF, ulikuwa na rejista za biti 64, staki ya baiti 512, majedwali ya kuhifadhi data, na vielekezi halisi. Umaskini uliokuwa ngao ukaondolewa. Mahali pake pakawekwa kihakiki, ambacho hufuata njia zote ambazo programu inaweza kupita kabla haijaruhusiwa kuanza, na kwa kila hatua hukumbuka kila rejista imebeba nini.

Utaratibu wake unaweza kuelezwa kwa mfano. Programu inapotafuta kitu katika jedwali, jibu huwa ama kielekezi cha thamani iliyopatikana, ama sifuri ikiwa hakuna kitu. Kihakiki huiandika rejista hiyo kuwa ni kielekezi chenye shaka, na hukataa kisitumiwe mpaka programu ikilinganishe na sifuri. Baada ya ulinganisho, katika tawi moja shaka huondoka. Katika tawi la pili hakuna kielekezi cha kutumia.

Mipaka hufuatiliwa vivyo hivyo. Tuseme thamani ya jedwali ina ukubwa wa baiti 64, na programu inataka kusoma baiti iliyo kwenye nafasi inayotajwa na baiti moja ya pakiti. Baiti hiyo inaweza kuwa na thamani kuanzia 0 hadi 255, hivyo programu hukataliwa. Mwandishi akitanguliza sharti kwamba thamani iwe ndogo kuliko 64, kihakiki hufupisha upeo kuwa 0 hadi 63, kisha huruhusu. Hakuna ukaguzi wa ziada wa mpaka utakaofanywa programu ikishaanza kazi. Neno la mlangoni limetosha.

Ruhusa ziliendelea kupanuka. Linux 4.4 ya Januari 2016 iliruhusu hata watumiaji wasio na mamlaka maalumu kupakia baadhi ya programu hizo. Linux 4.7 ya mwaka huohuo iliruhusu kusoma pakiti moja kwa moja, kwa sharti kwamba programu ilinganishe kwanza kielekezi chake na mwisho wa pakiti. Katika Linux 4.14 ya Novemba 2017, Edward Cree aliunda upya ufuatiliaji wa thamani ili kihakiki kijue, kwa kila biti, kama ni sifuri, ni moja, au haijulikani.

4.0 Mkaguzi Anapokosea, 2017–2022

Mwezi Desemba 2017 yalitangazwa makosa yaliyogunduliwa na Jann Horn wa Google. Katika mojawapo, kihakiki na kichakataji vilitofautiana kuhusu namna namba ya biti 32 inavyopanuliwa kuwa ya biti 64. Tofauti ya namna hiyo huonekana ndogo, lakini madhara yake hayana mpaka. Kihakiki kikiamini kwamba rejista ina sifuri ilhali kwa kweli ina moja, mshambuliaji huizidisha kwa umbali wowote anaoutaka: kihakiki huona sifuri na kuruhusu, huku kielekezi kikifika popote katika kumbukumbu ya kiini. Mwaka 2020, katika mashindano ya Pwn2Own, Manfred Paul alionesha kosa jingine la mipaka ya biti 32.

Januari 2018 ilileta tatizo la aina tofauti. Udhaifu ulioitwa Spectre ulidhihirisha kwamba kichakataji hubahatisha tawi litakalofuatwa na kusoma kumbukumbu kabla sharti halijathibitika. Programu iliyokuwa sahihi kwa kila kipimo cha kihakiki iliweza kuvujisha siri. Ikabidi amri za kubana anwani ziongezwe ndani ya programu zilizokwisha kuhakikiwa. Yaani sehemu ya shaka ilirudishwa ndani ya ghala.

Majibu yalikuwa ya aina mbili. La kwanza lilikuwa kufunga mlango: kuanzia Linux 5.16 ya Januari 2022, mpangilio wa kawaida huwanyima watumiaji wasio na mamlaka ruhusa ya kupakia programu. La pili lilikuwa kumkagua mkaguzi: mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Rutgers walichapisha uthibitisho wa kihisabati wa kanuni ya kujumlisha inayotumia biti zisizojulikana, na kanuni yao mpya ya kuzidisha ilikubaliwa katika Linux.

5.0 Hitimisho

Ni rahisi kuyaeleza makosa haya kuwa ni uzembe wa waandishi wa programu. Mfuatano wa matukio hauungi mkono maelezo hayo. Kila ruhusa mpya iliyotolewa kwa programu ilidai hoja mpya kutoka kwa kihakiki, na makosa yalijitokeza pale ambapo hoja hizo zilikuwa nyingi na nyembamba, hasa kwenye hesabu za biti 32 na 64. Kihakiki, kwa hiyo, kieleweke kama taasisi inayohitaji kutunzwa, wala si cheti kinachotolewa mara moja.

Kwa watumiaji wa Nambilanje jambo hili lina uzito wa pekee. Mkulima anaweza kudai korosho zake zipimwe upya mbele yake. Hana namna ya kudai hivyo kwa kiini cha simu anayopokelea malipo ya mazao, na kosa lililosahihishwa katika Linux halimfikii iwapo simu yake haipokei tena masasisho. Utafiti wa usalama wa vielekezi katika Afrika Mashariki hauna budi kuhesabu umbali huo kati ya sahihisho na mtumiaji kuwa sehemu ya usalama wenyewe.