SAFU YA LUGHA: Falaki si karata

Katika miji hii pacha ya Minneapolis na Saint Paul, vitabu vya nyota na karata za taroti ni biashara ya siku nyingi: Carl Weschcke aliinunua kampuni ya Llewellyn mwaka 1961 akaihamishia Saint Paul. Si ajabu basi kumsikia Mswahili wa huku akiiita taroti “falaki”. Sivyo, jamani! Falaki ni elimu ya mwendo wa nyota na sayari. Kweli, wazee wa pwani hupiga falaki kutafuta siku njema ya ndoa au safari, lakini hutazama nyota, si karata. Unajimu nao umetokana na najm, nyota kwa Kiarabu. Ramli asili yake ni kuagua kwa alama zilizochorwa mchangani. Taroti, inayosoma alama zilizoangukia mezani, iko karibu nayo zaidi.

Mkanganyiko una chanzo. Karata hizo zilizuka Italia karne ya 15 kwa mchezo tu. Chama cha siri cha Golden Dawn, kilichoanzishwa London mwaka 1888, ndicho kilichozipangia buruji: Kaisari akapewa Hamali, Kifo Akarabu, na karata ya Mwezi Hutu, yaani Samaki. Semeni “kuagua kwa karata”. Falaki waachieni wanafalaki.