Filimbi, Zumari na Kipenga

Neno filimbi limebebeshwa mengi. Refa hupuliza filimbi, mchunga mbuzi hupuliza filimbi, na mwanamuziki wa jazi naye vivyo hivyo. Anayeandika kuhusu muziki hana budi kuzitenganisha, na kigezo kizuri ni kimoja: pumzi inageukaje kuwa sauti?

Filimbi haina ulimi. Pumzi hugonga ukingo wa tundu na kugawanyika, na hewa iliyomo ndani ya bomba hutetemeka. Zumari hupata sauti kwa ulimi mwembamba wa utete, kwa hiyo si filimbi ingawa zote hupulizwa. Refa abaki na kipenga, neno ambalo wapenzi wa soka wanalijua vizuri.

Filimbi zenyewe nazo ni za aina nyingi. Nai ya Kiarabu hupulizwa kwenye ncha. Filimbi ya ubavuni hulazwa kando ya uso, na midomo ndiyo inayoelekeza pumzi. Filimbi ya bati, yenye matundu sita, ina mdomo wenye mfereji unaoifanya kazi hiyo. Afrika Kusini, miaka ya 1950, wapigaji wa muziki wa kwela kama Spokes Mashiyane waliuinamisha mdomo huo na kuuingiza kinywani kwa mshazari, sauti ikanenepa na noti zikapindika. Mwaka 1958 wimbo “Tom Hark” wa Elias and His Zig-Zag Jive Flutes ulifika nafasi ya pili katika chati ya Uingereza. Hizo “flutes” za jina la kundi zilikuwa filimbi za bati.

Kuba, katika muziki wa charanga, filimbi ya ubavuni ya mbao yenye vibonyezo vitano hupaa juu ya fidla. Richard Egües aliipa umaarufu akiwa na Orquesta Aragón, bendi iliyoanzishwa Cienfuegos mwaka 1939. Katika jazi, Roland Kirk aliipuliza filimbi ya ubavuni huku akiimba ndani yake, sauti ikatoka na mkwaruzo. Ian Anderson wa bendi ya Jethro Tull akaipeleka mbinu hiyo kwenye roki, na albamu yao ya kwanza, ya mwaka 1968, ina kibao cha Kirk.

Kwa hiyo, anayeandika “filimbi” katika maelezo ya albamu aongeze neno moja au mawili: ya ubavuni, ya bati, ya mbao. Msomaji atajua asikilize nini: midomo ya Egües au mshazari wa Mashiyane.