Kabla ya Meme Kulikuwa na Mtani: Historia ya Kucheka Msibani, Kutoka Mpapura Hadi Mueda

Leo tuache kidogo habari za nani kaachana na nani. Kuna kitu kinajirudia kila likitokea janga. Basi limepinduka, kivuko kimezama, watu wameuawa. Haijapita saa moja, maiti hazijatambuliwa, tayari kuna jamaa kaposti kichekesho. Nusu ya watu wanacheka, nusu wanamlaani. Jioni anafuta, anarekodi video ya kuomba radhi macho yamemwiva. Mwezi ujao ni zamu ya mwingine. Sitaji jina, kila mmoja wenu ana wake kichwani.

Halafu lazima atokee mtu aseme: kizazi hiki hakina utu, wazee wetu hawakuwa hivi. Hapo ndipo ninapobisha. Wazee wetu walikuwa hivi hivi, tena kuzidi. Tofauti ipo, ila haipo pale watu wanapoitafuta.

Bibi yangu mzaa mama alizikwa Mpapura, Mtwara Vijijini. Mimi nilikuwa nimetoka Dar usiku kucha, nafika asubuhi nakuta mama hajasema neno siku ya pili, kakaa tu ukutani. Wanaume tukabeba jeneza. Tunafika makaburini, kumbe ndani ya kaburi kuna mtu. Mzee mmoja wa Kingoni, siku nyingi alikuwa anafanya kazi kwenye ghala la korosho na akaoa hapohapo. Kajilaza chali, kakunja mikono kifuani, kafumba macho.

"Hazikwi mtu hapa," anasema. "Nyie Wamakonde mmeleta maiti bila kuniuliza. Huyu bibi mwaka jana alinikaribisha ugali, akaninyima mboga. Leteni mboga yangu kwanza."

Mimi wa mjini nikapandwa na hasira, nusura nimshukie. Mjomba akanishika mkono: "Tulia, huyo ni mtani." Shehe kasogea pembeni, anaangalia saa yake, anajua akiingilia atageuziwa yeye kibao. Mjomba akaanza kupatana bei. Kutoka elfu ishirini ikashuka hadi elfu tatu na jogoo. Mzee akatoka, akajikung'uta udongo, bibi akazikwa.

Tuliporudi nyumbani, yule mzee kavaa kanga ya marehemu, kashika mkongojo wake, anatembea vile vile kama yeye, mgongo umepinda upande wa kushoto, anawagombeza wajukuu kwa kuacha kuku waingie jikoni. Aisee! Sauti ilikuwa yake kabisa. Mama akaanza kucheka. Akacheka mpaka akashikiliwa na dada zake, na katikati ya kile kicheko ndipo kilio kikatoka. Siku mbili za ukimya zikaishia pale.

Kitu nilichokuja kuambiwa baadaye, na ndicho nataka mkishike: lile kaburi, aliyelichimba tangu alfajiri ni yeye. Yeye na wanawe. Maji waliteka wao, kuni walipasua wao.

Sasa historia yenyewe. Utani wa makabila sio kitu kilichoanzishwa na Mungu siku ya kwanza. Mmoja wa watu wa mwanzo kuuandikia kwa kirefu alikuwa Mwingereza anaitwa Reginald Moreau, na kinachofurahisha ni kwamba huyu hakuwa mtu wa mila wala mchekeshaji. Alikuwa mtaalamu wa ndege, anafanya kazi kituo cha utafiti cha Amani, kule Usambara. Katikati ya kuhesabu ndege akawa anawauliza watu wanataniana na nani na kwa nini. Makala zake zilitoka mwanzoni mwa miaka ya 1940. Majibu aliyopewa yalirudi sana kwenye mambo mawili: misafara ya biashara na vita. Wanyamwezi na Wazaramo ni wa njia ya msafara. Wangoni, wao watani wao ni wengi mno, kwa sababu walipigana na wengi mno.

Na huku Kusini tunajua walivyopigana. Karne ya 19 wapiganaji wa Kingoni, waliokuwa wakiitwa Magwangwara, walikuwa wanashuka kutoka upande wa Songea. Mwaka 1882 waliivamia Masasi, ambako wamisionari wa Kiingereza walikuwa wamewaweka watu waliokombolewa utumwani. Fikiria umetoka kwenye minyororo, umepewa shamba, umejenga kibanda, halafu asubuhi moja unachukuliwa mateka tena. Vijiji vilichomwa, watu waliuawa. Ukimsimulia mtu habari hiyo leo, utasema hawa watu watachinjana milele.

Badala yake wamekuja kulaliana kwenye makaburi. Wangoni, Wayao, Wamakua, Wamwera, Wamakonde, leo wote wanatupiana maneno ambayo ukimwambia mtu asiye mtani wako unapelekwa polisi. Haikuwa kwa kusahau. Mtani wa Kingoni anakuambia kabisa, "Babu zangu waliwala mbuzi zenu, na nyie mlikimbia mkaacha hata vyungu." Wewe unamjibu ya kwako. Kila mzaha unataja vita ile. Ila sheria ni moja: ukikasirika umeshindwa, na mtani wako akifa, unakwenda kuchimba.

Kwa hiyo mtani ana kibali. Wenzetu Wamarekani ilibidi wakitafute. Baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001, vipindi vya vichekesho vya usiku vilizimwa karibu wiki nzima, watangazaji hawajui waanzie wapi. Saturday Night Live iliporudi hewani mwishoni mwa mwezi huo, walimsimamisha meya wa New York pamoja na wazima moto, wakamwuliza mbele ya watu kama sasa wanaruhusiwa kuchekesha. Yeye mwenyewe akajibu kwa utani. Yaani nchi nzima ilisubiri meya. Yule mzee wa Mpapura hakumsubiri mtu.

Lakini kama ni kucheka mauaji, hakuna kinachonishangaza kama Mueda. Vuka Ruvuma, panda uwanda wa juu wa Wamakonde wa Msumbiji, utaufikia. Juni 16, 1960, watu walikusanyika mbele ya ofisi ya utawala wa Wareno. Kati ya waliokuwa wakidai haki zao walikuwepo watu waliotoka kwetu Tanganyika, maana Wamakonde wengi walikuwa wanavuka kuja kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge, na huku walikuwa wameshaonja siasa za uhuru. Viongozi wao wakakamatwa, umati ukapiga kelele, askari wakafyatua risasi. Idadi ya waliokufa inabishaniwa mpaka leo. Frelimo wamekuwa wakitaja watu 600, watafiti wengine wanasema ni wachache zaidi ya hapo, tena sana. Vyovyote vile, miaka minne baadaye vita ya ukombozi ikaanza.

Msumbiji ikapata uhuru mwaka 1975. Na watu wa Mueda wakafanya nini? Wakaigiza mauaji yale. Palepale, mbele ya jengo lilelile. Mwaka 1979 mtengenezaji filamu Ruy Guerra, mzaliwa wa Msumbiji aliyejipatia jina Brazil, akapeleka kamera na kulirekodi igizo hilo. Ikawa filamu ya rangi nyeusi na nyeupe, *Mueda, Memória e Massacre*.

Mtu ukiambiwa ni filamu ya mauaji ya halaiki unakaa kimkao wa huzuni. Halafu unaona Wareno wanaoigizwa na Wamakonde wenyewe, wanabwata, wanajitutumua, wanatembea kama majogoo, na umati umezunguka unacheka. Unacheka kabisa! Watoto wako mbele, wanasukumana waone vizuri. Na katikati ya filamu wanahojiwa watu waliokuwepo siku yenyewe mwaka 1960. Waliponea chupuchupu, na ndugu zao walibaki palepale wanapocheka.

Anayeijua ngoma ya mapiko hatashangaa sana. Wamakonde wa pande zote mbili za Ruvuma wamekuwa wakichonga vinyago vya kumvaa mtu kichwani, na zamani za ukoloni Mzungu naye alichongwa, pua yake yote, akachezeshwa uwanjani watu wakamcheka bila yeye kujua anachekwa. Kwa hiyo pale Mueda hawakuanzisha kitu kipya.

Mimi naisoma hivi, nanyi mnaweza kunibishia. Angalia nani anachekwa. Hakuna aliyemcheka maiti wa Mueda. Alichekwa mwenye bunduki. Na waliocheka ni wenye msiba.

Turudi Bongo. Novemba 26, 2012, mchekeshaji Sharo Milionea alikufa kwa ajali ya gari kule Muheza, Tanga. Kijana aliyekuwa anatuchekesha kwa pozi za kitajiri. Kilichotuumiza zaidi ni habari kwamba baadhi ya watu waliofika pale kwanza waliondoka na vitu vyake. Nakumbuka mtu mmoja alinitetea kwamba "hata kwenye utani watu wanachukua vitu vya marehemu." Hapana bana. Mtani anachukua kandambili mchana kweupe, mbele ya wafiwa, anataja bei, na jina lake linajulikana. Waliomkuta Sharo walichukua gizani wakapotea. Hata mikono ikifanya kitu kilekile, mmoja ni mtani na mwingine ni mwizi.

Halafu corona. Mei 2020 Rais alisema hadharani kwamba sampuli za papai na mbuzi zilipelekwa maabara zikarudi na majibu ya kuwa na virusi. Mnakumbuka yaliyofuata. Papai lililovaa barakoa, mbuzi kawekwa karantini. Takwimu za wagonjwa zikaacha kutangazwa, na sisi tukaendelea na nyungu na vichekesho vya nyungu. Mimi mwenyewe nilituma si chini ya kumi kwa siku. Mwanzoni mwa 2021 ndipo mitaa ikabadilika, ndipo tukasikia sana "changamoto ya upumuaji," na neno hilo nalo likageuka mzaha. Ila mzaha huu ulikuwa na rangi nyingine. Watu waliokuwa wanazika walikuwa wanautumia kuambiana kitu ambacho hawakuweza kukisema waziwazi. Ukimwambia mtu "mzee kapata ile changamoto," alikuwa anaelewa, anakupa pole, na hakuna aliyekuwa amesema kitu. Kicheko cha papai na kicheko hiki havifanani hata kidogo, japo simu ilikuwa ileile na watu ni walewale.

Na Oktoba 2020, katikati hapo, Kitaya. Kijiji cha wilaya yetu hiyohiyo ya Mtwara, ukingoni mwa Ruvuma. Washambuliaji walivuka kutoka Cabo Delgado, ambako vita ilikuwa inaendelea tangu 2017, wakaua watu na kuchoma nyumba. Polisi walithibitisha. Wiki ile kwenye grupu letu la familia hakuna aliyeandika mzaha wowote, hata mjomba ambaye hawezi kupita siku bila kumtupia mtu neno. Kichekesho kimoja kilichonifikia kuhusu watu wa Kusini na mapanga kilitoka kwa mtu wa Dar niliyesoma naye. Sidhani kama alikuwa na roho mbaya. Kitaya kwake ilikuwa mbali kama Syria. Nilimwuliza tu kama anakuja kuchimba. Hakuelewa, na sikumweleza.

Yule mzee wa ghala la korosho alifariki mwaka jana. Nilipigiwa simu usiku, nikaambiwa, "Mtani wako kaondoka." Nikapanda basi la alfajiri. Njia nzima, saa zote zile hadi Mtwara, nilikuwa naandaa la kusema. Nilipanga nidai ile kandambili ya bibi aliyoondoka nayo, na zile elfu tatu na riba.

Nilichimba, hilo nililiweza, viganja vilichubuka siku tatu. Jeneza lilipoletwa nikashuka kaburini nikajilaza kama alivyofanya yeye. Nikafungua mdomo, hakuna kilichotoka. Nikabaki naangalia anga kupitia lile shimo. Mtoto wake wa kwanza akachungulia juu, akaangalia watu, akasema kwa sauti: "Jamani, Wamakonde wametuletea mtani bubu. Aliyemleta amlipie nauli arudi."

Walicheka makaburi mazima. Mjane wake alicheka. Nikatozwa faini ya elfu kumi na nikalipa palepale, na jioni yake kijana akanirudishia kandambili ya bibi. Walikuwa wameitunza juu ya dari miaka yote hiyo.