Pembe za Ukambani na Hazina za Wafalme

Msafiri atokaye Nairobi kwa barabara kuu ya Mombasa, akiisha kuipita miji ya Sultan Hamud na Emali na kabla hajawasili Makindu, hupita mahali paitwapo Kiboko, ambapo maji yaliyojichuja chini ya mawe meusi ya volkano ya milima ya Chyulu huchimbuka katikati ya nyika kavu, yakastawisha migunga mirefu yenye magome ya manjano na kuwapa wakulima na watafiti wa kilimo sababu ya kukaa hapo. Hapana kasri Kiboko, wala hapana chumba cha hazina, na mtu aliyezoea kudhani kwamba habari za mali ya wafalme husimuliwa katika miji ya wafalme peke yake atastaajabu kuona makala ya namna hii ikianzia penye malori na wauza maembe. Lakini mali ya kifalme ina pande mbili, upande inakowekwa na upande inakotoka, na huu wa pili aghalabu husahauliwa. Nchi ya Makueni na Kitui ilikuwa upande inakotoka. Wakamba, ambao katika aushi yao hawakuwa na mfalme wala kiti cha enzi, waliwalisha wenye viti vya enzi wa mbali kwa muda wa miaka mingi. Na dai langu ni kwamba swali la nani ana haki ya kuitazama mali hiyo haliwezi kujibiwa kwa insafu mpaka wao nao waingizwe katika hesabu.

Kwa desturi ya Ukambani mambo ya watu yaliamuliwa na baraza la wazee, nzama, na mali ya mtu, yaani ng'ombe, mbuzi, mashamba na mizinga ya nyuki, iligawanywa kwa wanawe kwa kufuata nyumba za mama zao. Hapakuwa na mtu aliyerithi nchi nzima pamoja na watu wake. Ukubwa ulipatikana kwa jitihada, na jitihada iliyoleta faida kubwa katika nusu ya kwanza ya karne ya 19 ilikuwa biashara ya pembe za ndovu. Wawindaji waliosifika kwa upinde na kwa sumu ya mishale walileta pembe. Wafanyabiashara wakazikusanya, wakaunda misafara ya mamia ya watu, wakaikata nyika ya Taru mpaka Rabai na Mombasa, kisha wakarejea na nguo, shanga, chumvi na nyaya za shaba. Katika Kitui mkuu wa wafanyabiashara hao alikuwa Kivoi, ambaye jina lake lilijulikana pwani kabla hajawako Mzungu aliyeikanyaga nchi yake.

Mzungu huyo alikuwa Johann Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani wa Rabai, aliyemfuata Kivoi huko Kitui mwaka 1849 na kuuona Mlima Kenya tarehe 3 Desemba ya mwaka huo. Mwaka 1851 alirudi, wakaandamana pamoja kuelekea mto Tana, na njiani msafara wao ukashambuliwa, Kivoi akauawa. Krapf, aliyebaki peke yake porini, aliufikia mto, akanywa, kisha kwa kukosa chombo akajaza maji katika mitutu ya bunduki yake na kuiziba, apate akiba ya njiani. Habari hiyo ndogo yaeleza vizuri kuliko mahubiri marefu jinsi kila pembe iliyofika forodhani ilivyokuwa imelipiwa kwa kiu na kwa roho za watu.

Huko forodhani mambo yalikuwa ya namna nyingine. Mombasa ilikuwa imeingia katika milki ya Sayyid Said bin Sultan, Sultani wa Oman na Unguja, tangu mwaka 1837, alipowashinda Wamazrui waliokuwa wakiitawala, na ushuru wa bandari zake ulikodishwa kwa nyumba ya wafanyabiashara Wahindi ya Jairam, iliyomlipa mtawala fedha za mkataba na kujichumia faida yake yenyewe. Pembe ilipimwa kwa frasila, uzito wa ratili 35 hivi, na kila frasila iliacha kitu katika mkono wa mwenye mizani, kitu katika mkono wa mwenye forodha, na kitu katika hazina ya Sultani, kabla haijapakiwa chomboni kwenda Bombay na kutoka huko kwenda London. Mchukuzi aliyeitua begani alilipwa, ikiwa alilipwa, akaondoka. Jina lake halikuandikwa popote. Majumba ya mawe ya Unguja, ambayo leo watalii huyapiga picha kwa furaha, yalijengwa kwa sehemu kubwa kwa fedha za karafuu, za watumwa na za pembe, na asemaye kwamba yalijengwa kwa busara ya watawala peke yake amesoma nusu ya daftari.

Sadfa moja yafaa kutajwa. Mwaka uleule wa 1851 ambao Kivoi aliuawa, Maonyesho Makuu yalifunguliwa London katika jumba la vioo, na miongoni mwa vitu vilivyowekwa hadharani kilikuwamo kiti cha enzi cha pembe za ndovu, zawadi ya mtawala wa Travancore, kusini mwa Bara Hindi, kwa Malkia Victoria. Watu waliingia zaidi ya mara milioni sita, na ziliwekwa siku ambazo kiingilio kilikuwa shilingi moja, ili mafundi na vibarua nao wapate kutazama. Hivyo mtu wa chini wa Uingereza aliweza kwa shilingi yake kukikaribia kiti cha malkia wake. Na tangu siku zile hoja ya kuwafungulia watu hazina za wafalme imefuata mkondo huohuo, yaani ni mlango gani ufunguliwe, kwa siku zipi na kwa bei gani. Si hoja mbaya, ila inaishia mlangoni.

Katika pwani yetu ilikuwako namna nyingine ya kuwashirikisha watu mali ya utawala, nayo ilikuwa kwa sikio. Siwa ya Pate, baragumu la pembe za ndovu lililoungwa kwa vipande, refu kumpita mtu mrefu, lenye tundu la kupulizia ubavuni na nakshi zilizochongwa kwa mkono usiokuwa na haraka, ilikuwa alama ya enzi kama vile taji lilivyo kwa Wazungu. Ilipulizwa katika sherehe za watawala na za waungwana, harusi na tohara. Kuishika haikuwa ruhusa ya kila mtu. Lakini sauti haina bawabu, na mtwana aliyekuwa shambani, mvuvi aliyekuwa mtumbwini, hata mgeni kutoka bara aliyekuja na mzigo wake, wote waliisikia. Leo siwa hiyo imo katika Makumbusho ya Lamu, yaliyofunguliwa mapema katika miaka ya 1970, ndani ya kioo, na mtu yeyote aliyelipa kiingilio huweza kuitazama kwa karibu kuliko alivyoruhusiwa babu yake, ila imenyamaza. Katika mabadilishano hayo umma umepata jicho ukapoteza sikio, nami sina hakika kwamba faida imezidi hasara.

Unguja mlango ulifunguliwa kwa nguvu. Kasri la pwani, Beit al-Sahel, lilipigwa mizinga ya Waingereza tarehe 27 Agosti 1896, katika vita vilivyokwisha kwa muda usiotimia saa moja, ili aketi Hamud bin Mohammed badala ya Khalid bin Barghash. Ni huyu Hamud ambaye, reli ilipokuwa ikijengwa kupita Ukambani, alikwenda kuitazama, na jina lake likabaki katika stesheni ya Makueni hata leo; Sultani alipata mji mzima kwa safari ya matembezi. Kasri lilijengwa upya, likakaliwa na masultani waliofuata, mpaka mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 yalipomwondoa Jamshid bin Abdullah. Baada ya hapo liliitwa kasri la wananchi, lakini kwa miaka 30 wananchi hao walilitazama kwa nje, kwa kuwa lilikuwa ofisi za serikali. Lilifanywa makumbusho mwaka 1994. Aliyeingia humo akitarajia dhahabu alitahayari kidogo, maana pamoja na viti vya mpingo na chumba cha ukumbusho wa Sayyida Salme, binti Said aliyekimbilia Ujerumani na kuandika kumbukumbu zake, alikuta samani za miaka ya 1950 zilizofunikwa formaika, sawa na zile alizokuwa nazo karani mwenye cheo siku zile. Mimi naona fundisho kubwa katika formaika hiyo kuliko katika taji, kwa sababu yaonyesha kwamba enzi ni nyumba ya watu kama nyumba nyingine, na kwamba kilichoitukuza ni hesabu iliyolipwa na wasiokuwamo.

Mwenye kasri mwenyewe, Jamshid, aliishi Portsmouth, Uingereza, kwa zaidi ya miaka 50, mpaka Oman ilipomruhusu kurejea mwaka 2020, akafariki Muscat mwishoni mwa mwaka 2024. Na urithi bila mwenye kuutunza ni mzigo: Beit al-Ajaib, jumba la Sultan Barghash la mwaka 1883, lililokuwa makumbusho nalo, liliporomoka upande mmoja siku ya Krismasi ya mwaka 2020 likiwa katika matengenezo, likaua watu. Kuitwaa mali ya mfalme ni kazi ya siku moja. Kuihifadhi ni kazi ya vizazi.

Uingereza haikuchagua mapinduzi, ilichagua tiketi. Mkusanyiko wa kifalme wa huko, wenye vitu zaidi ya milioni moja, husemwa kuwa mfalme anaushika kama amana kwa ajili ya warithi wake na taifa, asiweze kuuuza. Kasri la Windsor lilipoungua mwaka 1992, na watu wakauliza kwa nini walipie matengenezo, milango ya Buckingham Palace ilifunguliwa kwa umma mwaka 1993 wakati wa kiangazi ili viingilio vilipie. Mwaka huohuo yalitangazwa mapatano kwamba mfalme atalipa kodi ya mapato kwa hiari, lakini mali ipitayo kutoka kwa mfalme kwenda kwa mfalme amrithiye itasamehewa kodi ya urithi, kodi ambayo raia wa kawaida wa nchi hiyo hutozwa asilimia 40 ya sehemu inayozidi kiwango kilichowekwa. Kwa mapatano hayo Charles wa Tatu alirithi mwaka 2022. Wapo wanaoitetea ruhusa hiyo kwa kusema kwamba hazina ikitozwa itatawanyika, na katika neno hilo mna ukweli. Lakini maadamu kitu ni amana ya umma, basi mwenye kukishika anadaiwa daftari lake pia, lionyeshalo kila kipande kilitoka wapi, kwa mkono wa nani, na kwa bei gani.

Mwaka 2014 iliripotiwa kwamba mwana wa Charles, William, angependa pembe zote za ndovu zilizomo katika Buckingham Palace, vitu vipatavyo 1,200, ziharibiwe, iwe ishara dhidi ya ujangili. Nia yake ilikuwa njema. Kenya nayo ilichoma tani 12 mwaka 1989 mbele ya Rais Moi, na tani 105 mwaka 2016 mbele ya Rais Uhuru Kenyatta, na sikuona kosa katika mioto hiyo, kwa sababu zilikuwa pembe zilizonyang'anywa wahalifu na soko lilikuwa likizingojea. Lakini pembe ya kale iliyochongwa ni shahidi, na mwenye kumchoma shahidi, hata kwa nia njema, humsaidia mshitakiwa. Kiti cha Travancore na siwa ya Pate vikigeuka majivu, hapatakuwa na kitu cha kumwonyesha mtoto wa Kitui na kumwambia: tazama safari za pembe zilivyoishia.

Kiboko yenyewe ina sura yake katika habari hizi, nayo haipendezi. Kati ya mwaka 1944 na 1946 mwindaji wa serikali ya kikoloni, John Alexander Hunter, mzaliwa wa Scotland, alitumwa kuondoa vifaru katika vichaka vya Makueni ili Wakamba, waliobanwa katika ardhi iliyochoka, wapate mahali pa kuhamia. Aliua 996 kwa hesabu yake. Baadaye alijenga nyumba ya wageni, Hunter's Lodge, kando ya maji ya Kiboko, na huko alimalizia umri wake, akafariki mwaka 1963. Watu walipata mashamba, na sithubutu kuwalaumu wenye njaa. Lakini vifaru wale nao walikuwa urithi, mkubwa kuliko wa kasri lolote, nao ulitumiwa katika miaka miwili na kizazi kimoja bila kuulizwa kizazi cha pili.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, inayataja makumbusho miongoni mwa kazi za serikali za kaunti. Basi Kitui na Makueni hazina haja ya kungoja hisani ya mfalme wala ya Nairobi. Nyumba ya kiasi yatosha: mizani na vipimo vya frasila, upinde na podo, ramani ya njia za misafara ya Kivoi, siwa ya Pate iliyoombwa kwa mkopo japo kwa mwezi mmoja, na picha za vitu vya pembe vilivyomo Windsor, Lamu na Unguja, zilizoombwa kwa barua rasmi pamoja na nakala za madaftari ya vitu hivyo. Anayeombwa akikataa, kukataa kwake nako kubandikwe ukutani. Wawakilishi wa wadi wa kaunti hizo mbili wanayo mamlaka hayo kisheria. Wananchi wawadai wayatumie.