Kuchelewa Kunakoua: Historia Ya Uzazi Salama Malawi Na Funzo Kwa Familia Za Dzaleka Na Lilongwe



Wapenzi wasomaji, katika ukurasa wetu wa familia mara hii tumeona tuzungumzie jambo linalogusa kila nyumba, nalo ni uja uzito na kujifungua. Hatukusudii kuorodhesha dalili peke yake, kwani kina mama wengi wameshazisikia kliniki. Tunataka kuitazama historia: vipi kina mama wa hapa Malawi walikuwa wakipoteza maisha kwa wingi, vipi hali ikabadilika, na sehemu gani ya kazi hiyo imebakia mikononi mwetu wenyewe, sisi wa Dzaleka na ndugu zetu walioko Lilongwe.

MWAKA 1994

Dzaleka, iliyoko wilaya ya Dowa, ilikuwa gereza la wafungwa wa kisiasa zama za Rais Kamuzu Banda. Jina lenyewe kwa Kichewa ni kama ahadi ya mtu aliyeadhibiwa, kwamba ataacha na hatorudia tena. Mwaka 1994, mwaka ambao Banda alishindwa katika uchaguzi wa vyama vingi na Rwanda ikaingia katika mauaji ya kimbari, pahala hapo pakafunguliwa kuwa kambi ya wakimbizi. Wakaja watu kutoka Rwanda, Burundi, Kongo, Somalia na Ethiopia, na Kiswahili kikawa lugha ya sokoni na ya majirani. Kambi iliyokusudiwa watu kama 10,000 hadi 12,000 leo ina zaidi ya 50,000.

Mwaka huo huo yalitokea mambo mawili mengine ambayo wengi wetu hatukuyasikia. La kwanza ni mkutano wa kimataifa wa Cairo kuhusu idadi ya watu na maendeleo, uliofanyika Septemba 1994. Kabla ya hapo msaada wa kambini ulihesabiwa kuwa ni maji, chakula, mahema na chanjo, na mimba ya mkimbizi haikupewa uzito wake. Cairo ndipo mataifa yalipokubaliana kuwa huduma ya uzazi ni haki ya mkimbizi pia.

La pili ni makala ya watafiti wawili wanawake, Sereen Thaddeus na Deborah Maine. Waliuliza swali jepesi: kwa nini mama anakufa kwa tatizo ambalo dawa yake inajulikana? Jibu lao ni kwamba anachelewa mara tatu. Kwanza kunachelewa uamuzi wa kutoka nyumbani. Pili kunachelewa kufika hospitali. Tatu kunachelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Historia nzima ya uzazi salama Malawi inaweza kusomwa kwa mambo haya matatu.

KWA NINI MUDA NI KITU KIKUBWA HIVYO?

Ili tufahamu, lazima kwanza tuujue mwili wa mama mjamzito. Mimba inapokua, damu ya mama inaongezeka kwa karibu nusu ya ile aliyokuwa nayo, na moyo unafanya kazi zaidi. Maji ya damu yanaongezeka kuliko chembe zake, ndio maana mama huchoka, hupata kizunguzungu, na hupewa vidonge vya kuongeza damu. Miguu kuvimba jioni ni jambo la kawaida kwa wengi. Lakini uso na mikono ikivimba, kichwa kikauma sana na macho yakaona ukungu, hilo si la kawaida, kwani huenda shinikizo la damu limepanda na kifafa cha mimba kiko mlangoni.

Mimba inapotimia, damu inayopita katika mfuko wa uzazi ni zaidi ya nusu lita kila dakika. Mtoto akishatoka na kondo la nyuma likabanduka, mfuko huo unatakiwa ujikaze mara moja ili uifunge mishipa iliyokuwa wazi. Usipojikaza, mama aliyekuwa mzima wa afya anaweza kufariki ndani ya muda wa saa mbili tu. Hiyo ndiyo hesabu yetu, ndugu wasomaji. Kikao cha familia kikienda saa moja na kutafuta gari saa nyingine, muda umekwisha.

Na mwenye damu kidogo tangu awali muda wake ni mfupi zaidi. Hapa Malawi ina historia yenye mazingatio. Kabla ya Dzaleka nchi hii iliwapokea Wamsumbiji karibu milioni moja waliokimbia vita. Mwaka 1990 karanga zilikatika katika mgao wao wa chakula, wakabakia na mahindi zaidi, na kwa miezi michache watu karibu 18,000 wakapata pelagra, maradhi ya ngozi na tumbo yanayoletwa na upungufu wa vitamini. Wanawake waliugua zaidi kuliko wanaume. Kwa hivyo kiganja cha karanga au maharage katika sahani ya mama mjamzito si anasa, bali ni katika matibabu.

Kadhalika malaria hujificha katika kondo la nyuma, ikamaliza damu ya mama na kumdhoofisha mtoto, hata kama mama haoni homa. Mwaka 1993 Malawi ilikuwa nchi ya kwanza kuweka sera ya kuwapa wajawazito vidonge vya Fansidar vya kukinga malaria kliniki, na nchi nyingi za Afrika zikafuata baadaye. Anayeanza sikelo, kama wenyeji wanavyoiita kliniki ya wajawazito, akiwa na mimba ya miezi saba anakosa sehemu kubwa ya kinga hiyo.

KUCHELEWA KWA HOSPITALI

Tuanze na kuchelewa kwa tatu, kwani ndiko tunakokulaumu zaidi. Wazee wa Lilongwe wanaikumbuka hospitali iliyoitwa Bottom. Jina hilo lilitokana na zama za ukoloni, ambapo wazungu walikuwa na hospitali yao ya juu na Waafrika wakawekewa ya chini. Leo inaitwa Bwaila, na ni katika sehemu zinazozalisha kina mama wengi kabisa nchini.

Takwimu za taifa zilikuwa za kutisha. Utafiti wa mwaka 2000 ulionyesha kuwa kwa kila watoto 100,000 wanaozaliwa hai, kina mama 1,120 walifariki. Mwaka 2004 wakawa 984, mwaka 2010 wakawa 675, na utafiti wa 2015 na 2016 ukaonyesha 439. Bado ni wengi mno, lakini wamepungua kuliko nusu. Mwaka 2011 Malawi ilifanya jambo lililoigwa na dunia: kila mjamzito aliyegundulika na virusi vya UKIMWI alianza dawa za maisha papo hapo, bila ya kusubiri kipimo cha kinga ya mwili ambacho zahanati nyingi hazikuwa nacho. Huko nako ni kuondoa kuchelewa.

KUCHELEWA KWA NJIA

Kituo cha afya cha Dzaleka kinahudumia wakimbizi pamoja na wanavijiji wa Malawi waliokizunguka. Kinazalisha, lakini ni kituo cha afya tu, na mama anayehitaji upasuaji hupelekwa hospitali ya wilaya ya Dowa, au Lilongwe ambako ni safari ya zaidi ya kilomita 40. Mwaka 2023 serikali iliwaamuru wakimbizi waliokuwa wakiishi mijini warudi kambini. Mama aliyekuwa akiishi karibu na Bwaila akajikuta mbali nayo kwa safari nzima. Ratiba aliyoizoea mjini haimfai tena, na ni lazima apange upya.

KUCHELEWA KWA NYUMBANI

Mwaka 2007 serikali ilikataza wakunga wa jadi, ambao kwa Kichewa huitwa azamba, wasizalishe. Machifu katika sehemu nyengine wakaweka faini ya kuku au mbuzi kwa anayejifungulia nyumbani. Mwaka 2010 Rais Bingu wa Mutharika akatamka kuwa waruhusiwe tena, na baada yake serikali ya Rais Joyce Banda ikarudi kuwataka wakunga hao wawe washauri na wasindikizaji. Banda mwenyewe amesimulia hadharani kuwa alinusurika kifo kwa kutokwa na damu baada ya kujifungua, na mwaka 2012 alianzisha mpango wa rais wa uzazi salama, ambao machifu akiwemo Inkosi Kwataine wa Ntcheu waliubeba, pamoja na nyumba za kina mama kusubiri karibu na hospitali.

Matokeo yake ni kuwa waliojifungulia hospitali walikuwa asilimia 57 mwaka 2004 na wakafika asilimia 91 katika utafiti wa 2015 na 2016. Funzo hapa si kuwa bibi zetu wakunga ni wajinga, la hasha! Wanajua kumtuliza mama, kumkanda, na kumlea katika arobaini yake. Lakini mikono haiwezi kurudisha damu iliyomwagika. Mkunga mwenye hekima ni yule anayesema mapema, "Mwanangu, hili limenishinda, twende."

Kwetu sisi kuna sababu zaidi zinazochelewesha. Mume yuko safarini na mama mkwe anaogopa kuamua bila yake. Au inasemwa, "Tusubiri kukuche." Au inahofiwa kuwa daktari atakuwa mwanamme. Ni haki ya mama kuomba mhudumu mwanamke, lakini wanazuoni wameeleza wazi kuwa dharura ina hukumu yake, na kuokoa uhai hakungojei.

TUFANYE NINI?

Kabla ya mwezi wa nane, mume na mke wakae pamoja na wakubaliane mambo haya:

1. Nani ataamua iwapo mume hayupo. Ruhusa itolewe mapema na ukoo mzima ujue.
2. Gari ni la nani, na namba yake ya simu iandikwe ukutani.
3. Pesa kidogo ziwekwe kila wiki, hata kama ni za karanga moja ya mfuko.
4. Nani atabaki na watoto, na nani atatoa damu ikihitajika.
5. Kila mtu wa nyumba ajue dalili za kutoka mara moja: damu, degedege, kichwa kuuma sana na macho kuona ukungu, homa kali, mtoto kupunguza kucheza, chupa kupasuka kabla ya wakati, na uchungu unaochukua muda mrefu bila mtoto kutoka.

Na mama akisharudi nyumbani na mtoto wake, tusidhani hatari imekwisha. Damu, homa na kifafa vinaweza kuja hata siku za baadaye. Arobaini ambayo wazee wetu waliiweka ya kumpumzisha na kumlisha mama, tuifanye pia kuwa siku za kumwangalia kwa makini.

Miaka thelathini na zaidi tangu 1994, hospitali zimepiga hatua na njia zimepiga hatua, japokuwa bado. Kuchelewa kwa kwanza hakuna serikali wala shirika linaloweza kutuondolea. Kumo ndani ya nyumba zetu, usiku ule mama anaposema kuwa hajisikii vizuri. Tumsikilize mara ya kwanza anaposema.

Tunamuomba Allaah Awahifadhi kina mama zetu na Awape wepesi katika kujifungua kwao. Aamiin.