Uwiano wa Bei na Mapato Halisi ya Muda Mrefu

Uwiano wa bei na mapato halisi ya muda mrefu ni kipimo cha thamani ya hisa kinachopatikana kwa kugawanya bei ya hisa kwa wastani wa mapato ya kila hisa, aghalabu ya miaka 10, yaliyorekebishwa kwa mfumuko wa bei. Unafuata mfano wa uwiano wa bei na faida wa wanauchumi John Campbell na Robert Shiller wa Marekani (1988). Katika marekebisho ya mfumuko wa bei, kwa mfano, shilingi 40 zilizopatikana faharasa ya bei ilipokuwa 100 huhesabiwa kuwa 60 faharasa inapofika 150.

Kipimo hiki hutumika kwa kampuni za umeme, maji na gesi, ambazo bei zake hupangwa na mdhibiti na mauzo hayayumbi sana, ilhali faida huyumbishwa na ukame, riba na kushuka kwa sarafu. Lakini mapato si faida. Nchini Kenya, gharama ya mafuta ya kuzalisha umeme huingizwa katika bili ya mteja. Mafuta yakipanda, mapato ya msambazaji huvimba bila mwenye hisa kunufaika. Kipimo hakionyeshi madeni pia, na kampuni hizi hukopa sana, hivyo peke yake hakitoshi kuamua ununuzi wa hisa.