Laini iliyosajiliwa kwa jina lako bila wewe kujua

Ukiibiwa baiskeli, utajua siku hiyohiyo. Ukiibiwa utambulisho, kitambulisho chako unabaki nacho mfukoni, na huenda ukajua tu siku polisi watakapokuuliza kuhusu namba ya simu ambayo hujawahi kuitumia. Hapa tunaeleza wizi huu unavyofanyika na namna ya kujikinga.

Kwa nini wanakutafuta wewe

Usajili wa laini kwa alama za vidole na namba ya NIDA ulianza nchini Tanzania tarehe 1 Mei 2019, na laini ambazo hazikusajiliwa hivyo zilianza kuzimwa Januari 2020. Tangu hapo kila laini ina mwenyewe anayejulikana. Tapeli anayetuma ujumbe wa "ile pesa tuma kwa namba hii" hataki laini yenye jina lake, kwa hiyo anatafuta kidole cha mtu mwingine.

Njia wanazotumia

Kidole cha mara ya pili. Msajili anakuja gulioni, stesheni ya Usoke, au siku wakulima wa tumbaku wanapolipwa. Unaweka kidole, anasema, "Mtandao unasumbua, weka tena." Wakati mwingine ni kweli, maana mikono iliyozoea jembe alama zake hufifia na mashine hushindwa kuzisoma. Lakini wakati mwingine usajili wa kwanza umekubali, na huo wa pili ni wa laini nyingine. Kabla ya kurudia, mwambie akuonyeshe kwenye kioo kwamba wa kwanza umekataa.

Kuazimana kitambulisho. Jirani hana NIDA, anakuomba umsajilie laini. Akiiuza au akiitumia vibaya, anayetafutwa ni wewe.

Simu ya "ofisini". Mtu anajitambulisha kuwa mhudumu wa kampuni ya simu, anataka majina yako kamili, namba ya NIDA na namba ya siri. Akizipata anaweza kujaribu kuihamisha laini yako kwenye kadi yake. Ikiwa simu yako imepoteza mtandao ghafla huku jirani mwenye mtandao huohuo anapiga vizuri, usingoje kesho. Azima simu ya mtandao huo, piga 100, uombe laini ifungwe.

Fanya haya leo

1. Piga *106# na ufuate maelekezo. Utaona namba zilizosajiliwa kwa NIDA yako. Rudia kila baada ya miezi michache, na kila unapomaliza kusajili laini, kabla hujaondoka kwa msajili.

2. Ukikuta namba usiyoitambua, usiipigie. Nenda na kitambulisho kwenye duka la kampuni husika, si kwa msajili wa barabarani, uombe iondolewe. Kisha toa taarifa polisi, uchukue namba ya RB na uitunze. Hiyo ndiyo itakayoonyesha kuwa ulilalamika mapema.

3. Usitumie mwaka wako wa kuzaliwa kama namba ya siri. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku uliyozaliwa. Anayeiona kadi yako anakuwa ameshaona na namba yako ya siri.

4. Ujumbe wa kitapeli utume kwenda 15040, kisha fuata maelekezo kutaja namba iliyoutuma.

5. Kitambulisho kikipotea, toa taarifa polisi kwanza, halafu nenda ofisi ya NIDA ya wilaya.

Kwa wenye wazazi wazee

Wazee wengi humpa wakala au kijana wa jirani simu pamoja na namba ya siri ili awatolee pesa. Tusiwakemee. Tukae nao, tuwafundishe kubonyeza wenyewe, na asiyeona vizuri asaidiwe na mtu mmoja wa nyumbani anayeaminika.

Sheria inasemaje

Kutumia utambulisho wa mtu mwingine kupitia kompyuta au simu ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Nayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamtaka anayekusanya taarifa zako azitumie kwa kazi aliyokueleza. Kwa hiyo mtu akikuomba namba ya NIDA au kidole, una haki ya kumuuliza: ya nini? Asipokuwa na jibu linaloeleweka, usimpe.